Tupeane uzoefu: Pikipiki mpya ya safari ndefu, ulibadilisha nini hadi ikakukaa?

Mleta mada (Dar):
Wakuu, habari za majukumu. Nimevuta Himalayan 450, sevisi ya kwanza tayari. Mpango ni kwenda Mbeya, zaidi ya kilomita 800, na mama watoto nitambeba nyuma hadi Iringa. Naona wenzetu wanafunga kila kitu: taa, vyuma, maboksi, vioo virefu vya kukinga upepo. Sitaki orodha ya duka. Nataka aliyesafiri aseme alibadilisha nini, mgongo ulisemaje baada ya saa sita barabarani, na chombo kiliingiaje kwenye kona. Pikipiki aina yoyote, hata wa Boxer karibuni.

Mdau wa Nairobi:
Boss, kabla hujatoa pesa toa spana. Mimi natumia Dominar 400, naenda Mombasa mara kwa mara, na nilikuwa nafika Mtito Andei vidole vimekufa ganzi. Dawa ilikuwa bure. Nililegeza bolti za vishikio vya klachi na breki, nikakaa kama ninavyokaa barabarani, nikanyoosha vidole, kisha nikavizungusha hadi kiwiko, kiganja na vidole vikawa mstari mmoja. Pedali ya breki na ya gia nazo ziliteremshwa kidogo kwa sababu navaa buti nene.

Baadaye ndio nikainua usukani kwa vipande vya sentimita tatu. Raha, lakini angalieni nyaya. Washa injini pikipiki ikiwa imesimama palepale, pinda usukani hadi mwisho kushoto, halafu kulia. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umevutika, usitoke nayo hivyo. Mpira wa breki ya mbele nao uutazame usukani ukiwa umepinda pande zote mbili.

Mdau wa Mbeya:
Karibu sana huku Nyanda za Juu. Wengi wanarukia siti na kioo wakati pikipiki yenyewe imepangwa kwa uzito wa mtu wasiyemjua. Mimi nina kilo 94 bila buti, koti wala helmeti. Springi iliyotoka kiwandani haikunijua.

Unachohitaji ni futi ya kupimia na watu wawili. Inua tairi la nyuma lisiguse chini, pima kutoka kwenye ekseli hadi alama moja juu yake kwenye bodi. Andika. Kisha panda na vyote unavyosafiri navyo, mwenzio aizuie isianguke, apime tena palepale. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiasi chombo kinavyozama chini yako. Kwa pikipiki za namna hii watu hulenga karibu theluthi ya mwendo wote wa tairi, yaani umbali linaoweza kupanda na kushuka. Yako ina mwendo wa milimita 200 mbele na nyuma, kwa hiyo tafuta kama 60 hadi 65. Ikizidi, kaza ile pete ya springi, ikipungua, legeza.

Hapa mafundi wengi wa mtaani wanachanganya: kukaza pete hakufanyi springi iwe ngumu. Kunainua pikipiki tu, ili ikianza kazi iwe mahali pake. Ukikaza hadi mwisho na bado inazama kupita kiasi, springi ni laini kwako na inatakiwa ibadilishwe. Na nyuma ikizama, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mzito kuingia kona, taa inamulika vilele vya miti. Siku ya kubeba shemeji pima upya naye akiwa amekaa.

Kwangu tofauti niliiona Kitonga. Zile kona nilikuwa naziingia nikisahihisha mara mbili mbili, sasa naweka mstari mmoja na pikipiki inaufuata. Sijanunua kitu hata kimoja.

Mleta mada:
Mkuu wa Mbeya, upepo wa tairi je?

Mdau wa Mbeya:
Fuata kitabu cha pikipiki, pima asubuhi tairi likiwa baridi, ukiwa na abiria tumia kipimo cha abiria. Na beba geji yako. Za vituoni kila moja ina ukweli wake.

Mdau wa Arusha:
Mimi ni mwanamke, urefu sentimita 160, nina V-Strom 650. Siti yake iko milimita 835 kutoka chini, hesabu mwenyewe. Kila fundi niliyemfuata alisema "tuishushe, dada". Nikakataa. Nilimpelekea fundi wa kushona siti, akapunguza sponji pale mbele tu, kwenye kingo mbili ambapo mapaja yanapita. Miguu ilikuwa inashindwa kwa upana, siyo urefu peke yake. Sehemu ya kukalia tulifanya kinyume: akatoa ile laini, akaweka sponji ngumu chini na safu nyembamba laini juu. Dukani ukiibonyeza kwa mkono unaona imekuwa mbaya. Ukishapita Same kuelekea Mombo unaelewa. Sponji laini inalala kabisa, unabaki umekalia plastiki.

Juu nimetandika ngozi ya kondoo. Hewa inapita, jasho halikai. Mvua ikinyesha wahi kuitoa, la sivyo utakalia maji hadi jioni.

Mdau wa Dodoma:
Dada samahani, mimi niliishusha kwa kubadilisha vile vyuma vya kiunganishi cha shokapu ya nyuma na sijutii. Kusimama kwenye foleni na mzigo huku kidole kimoja ndicho kinachogusa lami ni hatari zaidi.

Mdau wa Arusha:
Sikatai, kaka. Je, ulishusha na mbele?

Mdau wa Dodoma:
Ndiyo, nilipandisha shokapu za mbele kwenye vibano vyake kwa kiasi kinacholingana, maana nyuma peke yake usukani ulikuwa mvivu. Standi ya pembeni ikabidi ikatwe na kuunganishwa tena, ilikuwa ndefu, pikipiki inasimama wima kabisa. Na kwenye matuta napita taratibu, kinga ya injini imeshapiga chini.

Mdau wa Arusha:
Hayo matuta ndiyo yaliyonifanya nikatae. Mikumi peke yake yametosha.

Mdau wa Mombasa:
Assalaam alaykum. Mie nataja boksi la nyuma tu. Watu walipenda kwa kuwa ni kubwa, basi hulijaza: spana, maji, pampu, tairi la ndani. Uzani wote huo uko nyuma ya ekseli na juu, mbele pikipiki yawa nyepesi. Lori likikupita karibu na Voi, usukani hutikisika, na jamaa husema pikipiki ni mbovu. Nilihamisha vyuma na maji kwenye mikoba ya pembeni, chini na mbele iwezekanavyo. Boksini imebaki koti la mvua na kanzu yangu. Mtikisiko umekwisha. Kisomeni pia kile kibandiko cha kilo ndani ya boksi, hakikuwekwa kwa urembo.

Mdau wa Maskati:
Ndugu zangu, huku tunakwenda Salalah, kama kilomita elfu moja, nyika tupu kupita Haima. Nilifunga kioo kirefu nikidhani nitapumzika. Upepo ukawa unavuka juu ya kioo na kunipiga helmeti pale pale machoni, kichwa kinatetemeka kama dishi la setilaiti kwenye dhoruba, na kifua hakipati hewa. Kwenye joto la digrii 45 hiyo ni adhabu. Nilirudisha kile kifupi, nikaweka washa za milimita chache kati ya kioo na vishikio vyake ili hewa ipenye chini. Sasa upepo unanipiga kifuani kwa utulivu na helmeti imetulia. Kwa hiyo pima kwa urefu wako mwenyewe. Jirani yangu ni mrefu kwa kichwa kizima, kioo hicho hicho kirefu kinamfaa.

Mdau wa Njombe:
Kinga za mikono. Mwezi wa sita na wa saba huku asubuhi vidole havishiki klachi. Basi.

Mleta mada:
Nimewasoma wote. Jirani amekubali kushika futi Jumamosi, tutapima nikiwa peke yangu, halafu na mama watoto na mikoba. Boksi nilishalilipia, litabeba makoti. Kioo sigusi kwanza. Dada wa Arusha, sponji ngumu uliyoweka chini ilikuwa unene gani, na fundi aliigundisha kwa gundi au aliishonea tu ndani ya kava?

Mdau wa Arusha:
Inchi moja na nusu, kwa gundi. Mwambie aache ikauke usiku mzima kabla hajavuta kava, na ukae juu yake kabla hajashona.