TUPEANE UZOEFU: Kushuhudia kwa ujasiri na kusimama na Mungu wakati wa majaribu, Kigoma na Tabora

Mwinjilisti, Ujiji (mwanzisha uzi)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Uzi huu ni wa watendakazi: wainjilisti, wazee wa kanisa, makatekista, mama wa maombi, vijana wa mitambo. Shuhuda za safari zetu tuziachie ibada ya shukrani. Hapa tuweke mambo ambayo mtu akiyasoma leo, Jumamosi anayafanya.

Mji huu si mgeni kwa injili. Livingstone na Stanley walikutana hapa Ujiji mwaka 1871, na kabla ya 1880 wamisionari wa London Missionary Society na wale wa White Fathers walikuwa wameshafika. Jina la Yesu linajulikana. Kazi inayotushinda ni kumtaja kwa ujasiri pasipo kumvunjia jirani heshima, halafu kubaki na aliyeamini siku atakapobanwa.

Naanza na mkutano wa nje. Sheria inataka taarifa ya maandishi ifike kwa mkuu wa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla, lakini anayesubiri saa 48 anajitafutia shida. Peleka wiki mbili kabla. Barua iwe na jina la kanisa, kusudi, uwanja, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, na simu za watu wawili wanaopatikana. Nakala moja kwa mtendaji wa kata, nyingine kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Yako igongwe muhuri na ikae pale pale kwenye mitambo, isibaki kwenye begi la mchungaji aliye nyumbani. Uwanja ukiwa wa shule, unahitaji pia ruhusa ya mwalimu mkuu. Mikutano mingi huvunjika hapo: polisi wameridhia, mwenye uwanja hana habari.

Ibara ya 19 ya Katiba inatupa uhuru wa kutangaza dini, na uhuru huo anao pia jirani yetu Mwislamu. Kanuni ya Adhabu nayo inakataza kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini ya mtu. Hapa Ujiji usiweke spika kuelekea msikitini. Pangeni ratiba mkijua kwamba Kigoma jua huzama karibu saa 1 jioni, kama dakika 40 nyuma ya Dar es Salaam. Wageni wanaotoka Pwani huweka wito, yaani kuwaita watu wamwamini Kristo, saa 1 wakidhani magharibi imeshapita, kumbe ndiyo kwanza adhana inaanza. Malizeni saa 12 na nusu. Mhubiri atakayeanza kulinganisha Biblia na Kurani jukwaani apokonywe maiki kwa upole, hata kama ni mgeni rasmi. Ahubiri Kristo aliyekufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, kama ilivyo 1 Wakorintho 15:3-4. Hiyo peke yake ina uzito wa kutosha.

Mwamini wa Mwambao, Kigoma Kusini

Amina mtumishi. Nyongeza kwa wanaokuja vijiji vya ziwani: msipange kwa kalenda ya ofisini, tazameni mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Zikifika siku za mbalamwezi taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika, wanaume wako nyumbani wanashona nyavu. Chagueni siku hizo. Ukija gizani utahubiria wanawake na watoto, halafu utaandika kwamba wanaume wa huku ni wagumu.

Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini huchafua ziwa, hasa mchana. Boti ya timu iondoke alfajiri, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, na mitambo ifungwe ndani ya turubai. Kumtegemea Mungu hakumwondolei nahodha haki ya kusema leo hatuendi.

Fundi Mitambo, Tabora mjini

Kwa kijiji cha kawaida spika mbili za inchi 15 zinatosha. Jumlisheni wati za mitambo yote, kisha jenereta iwe na uwezo wa ziada wa robo hivi, maana ukiibebesha mpaka mwisho inazima katikati ya wito. Jenereta ndogo ya kilowati 2 hadi 3 ikibeba mzigo wa nusu hunywa karibu lita moja ya petroli kwa saa. Mkutano wa saa nne, beba lita sita. Iweke mita 30 nyuma ya jukwaa, upande upepo unakoelekea, na usiongeze mafuta ikiwa inaunguruma.

Maiki ikipiga mluzi usikimbilie kupunguza sauti yote. Angalia kwanza kama mhubiri amesogea mbele ya spika. Spika ziwe mbele yake, zimwangalie msikilizaji. Waya mwembamba mrefu unapoteza umeme na unapata moto. Tumia mnene, na uufukie pale watoto wanapopita.

Binti wa Nzega

Shalom watumishi. Mimi naomba msaada kwa sisi tusiopanda jukwaani. Mtu ana hofu, akifika mlangoni maneno yanakwisha. Afanyeje?

Mama Maombi, Urambo

Mwanangu, hofu si dhambi. Soma Matendo 4:29. Mitume wametishwa na wakuu, na ombi lao halikuwa vitisho viondoke. Waliomba walinene neno kwa ujasiri wote. Ujasiri ni wa kuombwa, na ukishaombwa unahitaji mazoezi.

Andaa ushuhuda wa dakika tatu. Moja: maisha kabla ya kumjua Kristo, bila kupamba dhambi. Moja: jinsi ulivyomwamini, na andiko lililokugusa. Moja: anachofanya sasa, pamoja na majaribu ambayo bado yapo. Usiiruke hii ya mwisho. Ukisema tangu uokoke huna shida, jirani anayejua watoto wako wamelala njaa mwezi uliopita hatakuamini na lingine lolote. Useme mbele ya mwenzako mara kadhaa hadi utoke bila karatasi.

Nendeni wawili wawili kama Luka 10, na mmoja awe mwanamke kama nyumba ina mama peke yake. Saa 10 alasiri ni nzuri, kazi za mchana zimepungua na jiko la jioni halijawaka. Piga hodi, ukikaribishwa kaa pale ulipoonyeshwa, salimia wakubwa kwanza, uliza habari za nyumba na usubiri jibu. Mwenye nyumba akiwa baba, zungumza naye kwanza kwa ruhusa yake. Dakika 20 zinatosha. Akiuliza swali usilolijua, sema utalitafuta, na urudi na jibu siku uliyotaja. Kurudi huko ndiko kunakofungua mlango kuliko maneno yote ya siku ya kwanza. Mtoto mdogo usimwongoze sala ya toba kwa siri wazazi wakiwa shambani. Mnaweza kuharibu uhusiano na ukoo mzima.

Kwa sisi wa tumbaku, kalenda ni muhimu vilevile. Novemba na Desemba watu wanahamisha miche, Februari hadi Aprili wanachuma na kukausha, na mwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, analinda moto usiku. Usimwite mkesha mtu huyo kisha umhesabu mvivu wa rohoni. Juni hadi Septemba ndiyo nafasi.

Na hili naliomba kwa machozi: msisimame mbele ya mkulima ambaye malipo yake yamekatwa deni la pembejeo mkamwambia apande mbegu ya fedha ili Mungu amwondolee deni. Anatoa ada ya mtoto, deni linabaki, halafu anamkasirikia Mungu kwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Mkutano wa injili usiwe na sadaka za nadhiri kabisa. Akija na mzigo huo, kaeni naye na karatasi zake: alikopeshwa mifuko mingapi, amekatwa kiasi gani, kimebaki nini, nani wa chama cha ushirika aulizwe. Baada ya hapo ombeni naye, na kanisa limpe debe la mahindi.

Katekista, Kasulu

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi nizungumzie wagonjwa, kwa sababu jaribu linalowakuta watu wengi wa mikoa hii ni ugonjwa, na ndipo wenye bidii tunapoharibu.

Hospitalini anza na muuguzi wa zamu, umwombe ruhusa. Nawa mikono unapoingia na unapotoka. Usiketi kitandani kwa mgonjwa. Dakika 10 hadi 15, sauti ya chini, maana kitanda cha pili kuna mtu mwingine na huenda si wa imani yako. Muulize mgonjwa kama anataka sala, na akisema hapana mwachie salamu tu. Zaburi fupi inafaa: ya 13, ya 121. Hata Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila faraja, ina mgonjwa wake. Yupo anayehitaji kusikia kwamba kilio cha namna hiyo kimo ndani ya Maandiko.

Usimwambie amepona wakati daktari hajasema. Usimwambie aache dawa. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa karibu miezi sita. Mgonjwa hupata nafuu baada ya wiki chache, na hapo ndipo anaposhawishika kwamba maombi yamemaliza kazi. Akiacha, vijidudu vinarudi na vinaweza kuwa sugu kwa dawa. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ni za maisha yote. Homa katika mikoa yetu yenye malaria nyingi ipimwe siku hiyo hiyo, hasa kwa mtoto, na maombi yaendelee njiani kwenda zahanati.

Akikuuliza kwa nini hajapona na ana imani, usimtafutie dhambi. Paulo alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto (2 Timotheo 4:20), akamshauri Timotheo juu ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23), na Epafrodito alikaribia kufa akiwa katika kazi ya Bwana (Wafilipi 2). Kwetu ziwani tunaye Adriano Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea utabibu Malta, akafika Karema 1889. Alitibu na kufundisha dini hapo hadi alipofariki 1956. Mkono uliofunga kidonda ndio ulioshika katekisimu.

Fundi Mitambo, Tabora mjini

Katekista umesema kweli, ila kuna wanaoponywa kweli na hatuwezi kuwazuia kushuhudia.

Katekista, Kasulu

Washuhudie, ndugu yangu, na tufurahi nao. Wapimwe kwanza hospitali, cheti kiwepo, na wao wenyewe wakubali kutajwa. Kama uponyaji ni wa Mungu, kipimo hakitaupunguza.

Mzee wa Kanisa, Kibondo

Wapendwa, hakuna aliyegusa jaribu zito la huku: Kamchape, wengine wanawaita Lambalamba. Wakiingia kijijini wanadai kufichua wachawi, kila kaya inaambiwa ichange, na asiyechanga anaonekana anaficha kitu. Mkristo anayekataa anapimwa siku hiyo mbele ya wote.

Maamuzi yafanywe kabla hawajafika. Mkutano wa waumini uamue pamoja kwamba hatuchangi wala hatuiti, ili mjane asibaki kukataa peke yake mlangoni. Tafuteni makanisa mengine na masheikh; wengi wao wanalipinga jambo hili kama sisi. Andikeni barua moja kwa mtendaji na polisi mapema. Sheria ya Uchawi inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, kwa hiyo mna mahali pa kusimama.

Siku wakifika, jibu liwe fupi na la upole: "Sisi tumemkabidhi Bwana nyumba hii, hatuchangi." Usibishane kama dawa zao zina nguvu au hazina. Usizuie njia kwa mwili wako, kuna vijana wenye hasira na mara nyingi wamelewa. Wazee wanaoishi peke yao walale kwa jamaa au wapate watu wawili wa kulala nao. Wa kwanza kutajwa huwa bibi mwenye macho mekundu, na hayo macho ni moshi wa kuni wa miaka mingi. Simu ya polisi iwe kwa watu zaidi ya mmoja.

Kuna sehemu inatuhusu sisi wenyewe. Tunapofanya maombezi na kumuuliza mwenye shida "nani amekuroga?", au mhubiri akatabiri kwamba adui yuko upande wa mashariki wa nyumba, tumefanya kazi ya Kamchape kwa jina la Yesu. Anayelia amefiwa watoto asiondoke mikononi mwetu na jina la jirani.

Baada ya hapo huja kutengwa: hawamsalimii kisimani, hawaji kumsaidia kulima. Kanisa lijipange zamu ya palizi kwake msimu mzima, si Jumapili moja. Na akikutana na waliomtenga wakiwa na msiba, aende, achote maji, akae. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba bila neno, na walianza kukosea walipofungua kinywa.

Binti wa Nzega

Asanteni wazazi wangu. Na aliyeamini mkutanoni afuatiliwe vipi?

Mwinjilisti, Ujiji

Daftari moja, liwe kwa mtu mmoja: jina, mtaa, jina la balozi au alama ya nyumba, na nani atamtembelea. Simu pekee haitoshi, laini hubadilika. Atembelewe ndani ya siku mbili na mtu wa jinsia yake, kisha kila wiki kwa miezi mitatu. Wiki za kwanza someni Injili ya Marko pamoja, sura moja kila mkikutana, bila kukimbilia kanuni za kanisa.

Akitoka familia ya Kiislamu, msimpandishe jukwaani na msirushe picha yake. Asisukumwe kuwatangazia wazazi kwa namna ya kuwadharau. Aendelee kuwaamkia, kufua, kulima kama zamani. Kabla ya ubatizo muwe mmeshajua, kama akifukuzwa nyumbani usiku, ni nyumba ipi itampokea na nani atamlipia shule. Kama jibu halipo, mkutano ujao usubiri hadi lipatikane. Mwenye utaratibu wa madarasa ya ubatizo unaotumika huko Sikonge au Kaliua auweke hapa, na idadi ya masomo.