Kunyanyua Tesla Model 3 kwa barabara za Dar: spesa, springi ndefu, tairi nene au mifuko ya hewa?

Mgeni wa Madale
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri kabla sijafanya ujinga. Nina Model 3 Long Range ya 2020, usukani kulia, imetoka Uingereza, rimu 18. Gari tamu balaa, nachaji nyumbani usiku, foleni ya sheli nimeshaisahau, ila imelala chini mno. Kwenye makaratasi ni kama sentimita 14 kutoka ardhini na hapo ni ikiwa tupu. Jumapili nimempakia mama mkwe na mashemeji wawili tunatoka kanisani, kuna tuta mtaani kwetu wananchi walimwaga zege wenyewe, nimepita taratibu kabisa nikasikia kwaaa! mpaka mama mkwe akauliza baba kuna kitu kimedondoka? Nimefika nyumbani nikalala chini na tochi, plastiki ya chini imechubuka kama upana wa kiganja, betri haijaguswa. Ila ndo hivyo, kwenye hizi gari betri ndo sakafu yenyewe, usingizi umekata.

Fundi mmoja Gerezani ananiambia spesa, vile vipande vya kupachika juu ya springi au shokapu gari lipande, miguu yote minne kazi ya nusu siku. Jamaa wa kazini anasema niagize springi ndefu, mwingine anasema nibadili tairi tu, na kuna mmoja kanitajia mifuko ya hewa, ile inayokaa badala ya springi. Nipeni muongozo.

Simba wa Kinyerezi
Uza nunua Prado, umemaliza.

Kerezo Ilala
Mkuu usimsikilize huyo. Mimi nakereza spesa kila wiki, za IST, za Crown, kila kitu, kwahiyo nikikwambia usikurupuke usione naharibu biashara yangu. Kwanza muulize fundi spesa ya nini. Wengine wanakata raba ya tairi la fuso wanapachika juu ya springi, miezi miwili imebonyea gari limeinama upande kama mtu mwenye nyonga. Hiyo gari yako ni kilo 1,800 na ushee, iwe alumini au nailoni ngumu, ikerezwe ikae sawa na kitako chake.

Pili na hii wengi hawaijui. Shokapu yako ya mbele haijashika pale kwenye tairi, imekanyaga mkono wa chini unaoshika tairi, kwa ndani kidogo. Ukiweka spesa ya milimita 20 pale juu ya shokapu gari halinyanyuki 20, linanyanyuka zaidi. Sasa fundi aliyezoea IST anakuja na spesa ya 40 akijua anakupa sentimita nne, anakupa jini. Anza na ndogo, shusha gari, lisukume mbele nyuma likae, ndo upime.

Dada Umeme
Kaka mimi yamenikuta kwahiyo soma taratibu. Yangu sio Tesla ila ni sedani ya umeme vile vile. Nilipeleka gereji moja siitaji nikawaambia nataka ipande, wakaniwekea spesa nene kweli, gari likasimama kama mbuzi anataka kuruka ukuta, nikafurahi nikapiga na picha. Wiki ya pili nikikata kona kulia nikiwa nakanyaga moto nasikia tak tak tak tak. Draivu shafti, ule mhimili unaotoka kwenye motor kuzungusha tairi. Gari ikipanda sana shafti inafanya kazi imepinda muda wote, na motor ya umeme haina kubembeleza, ukikanyaga nguvu yote inakuja pale pale. Buti ya shafti, yaani raba inayoifunika, ilikuwa imeshachanika grisi imerukia ndani ya rimu yote, nyeusi tii. Na tairi za mbele zimeliwa upande wa nje tu kwa sababu hawakufanya alaimenti, yaani kunyoosha tairi zikae sawa, nilipouliza wakaniambia dada ukinyoosha usukani si inakwenda sawa?

Halafu jeki. Hii ndo iliniuma zaidi. Walipiga jeki popote pale chini, nikakuta bonde kwenye kasha la betri. Model 3 ina matundu manne maalum ya kunyanyulia, nunua vile vipedi vya raba vinavyoingia mle, nenda navyo mkononi na simama hapo hapo mpaka waweke jeki. Usiende kunywa chai.

Mzee wa Kimara
Hesabu za tairi hizi hapa vijana. Tairi yako ya kiwandani ni 235/45R18, kimo chake milimita 669 hivi. Ukiweka 235/50R18 inakuwa 692. Tofauti 23, lakini nusu yake ndo inainua gari, yaani sentimita moja na kidogo. Utasema ndogo, ila ni ya bure, hujagusa shafti, hujagusa alaimenti, na ule ukuta mnene wa tairi unameza mashimo vizuri, rimu haipindi. Hasara ni spidi mita itakudanganya kama asilimia tatu na nusu, ukiona 80 ujue uko karibu 83, usije kubishana na trafiki. Na angalia namba ya uzito, ya kiwandani ni 98 ambayo ni kilo 750 kwa tairi moja, usishuke hapo. 55 usijaribu kabla hujapima nafasi ukiwa umekata usukani mpaka mwisho.

Bwana Tegeta
Mifuko ya hewa raha yake kitufe, tuta likija unapandisha likiisha unashusha. Ila Model 3 haijawahi kuja nayo, ni ya kufunga wewe mwenyewe: kompresa, mipira, vali, na vumbi la Madale unalijua. Siku ikivuja utaamka gari limekaa chini kama bata, hapo tuta lolote ni lako. Model S ndo zinakuja na hewa, na hata zile za mwanzo ukiziacha kwenye kimo cha juu ukakanyaga sana zinatetemeka, shida ni ile ile ya shafti anayosema Dada Umeme.

Springi ndefu zilizotengenezwa kwa gari hiyo hiyo ndo kazi safi ukiniuliza mimi. Ila ni za kuagiza na utasubiri. Usikubali springi ya Crown iliyokatwa ikachomelewa, nimeona kwa macho yangu.

Chuma Chakavu
Mbona wote mnaongelea kimo tu, mngeongelea na kukinga. Mwaka 2013 Model S mbili zilikanyaga vyuma barabarani Marekani zikashika moto, Tesla kwanza wakarekebisha gari zisishuke sana kwenye spidi kubwa, halafu Machi 2014 wakaanza kuweka kinga ya titani na alumini chini. Wenyewe walifanya vyote viwili.

Kerezo Ilala
Ni kweli ila bati nalo lina kimo chake mkuu, ukifunga bati la mm 4 na vichwa vya bolti umekula ulichonyanyua. Na mtu asitoboe kasha la betri kutafuta pa kufunga bolti, nawajua mafundi wa kwetu.

Mgeni wa Madale
Aisee mmenifungua. Leo nimepima nikiwa peke yangu halafu nikawapakia wanne, imeshuka sentimita mbili na nusu. Kumbe mama mkwe ndo tuta lenyewe 😂 Na matairi yamekaa mbali mno, sentimita 287 katikati, kwahiyo mbele inavuka tuta salama halafu tumbo ndo linakaa juu ya zege.

Nimeamua hivi: tairi 50 kwanza kwa sababu za sasa zimeisha hata hivyo, na springi naagiza, zisizidi sentimita mbili na nusu. Spesa naziacha. Safari yangu ya Dodoma mara mbili kwa mwaka kama chaji itaisha mapema kidogo kwa upepo wa chini potelea mbali.

Dada Umeme
Umefanya vizuri. Ukimaliza springi alaimenti siku hiyo hiyo, na taa, zitakuwa zinamulika juu, kwenye Tesla unazishusha kwenye skrini, na kamera za gari uzikalibreti upya, yaani zijipange kwa kimo kipya, hapo hapo.

Simba wa Kinyerezi
Prado haina hizo kamera.

Mgeni wa Madale
Prado unaijaza mafuta shilingi ngapi kaka? Mwenye kujua duka lenye 235/50R18 za namba 98 kwenda juu anicheki inboksi, Kariakoo nimezunguka jana nimepata tatu tu, ya nne wananiambia njoo Alhamisi.