Uzi wa malalamiko: Eti lita 50 ni za "mtu wa kawaida"

MwalimuWaNjiro

Wakuu, salamu zitafuata baadaye, kwa sababu hivi ninavyoandika nina povu la sabuni lililokaukia nyuma ya sikio la kushoto na hasira imenikaba kooni. Fundi yule, na ninyi nyote mlioko Arusha mnamjua kwa hiyo sina haja ya kumtaja, ameondoka nyumbani kwangu dakika 20 zilizopita akiwa na shilingi 25,000 zangu mfukoni, baada ya kuniambia mbele ya mama mkwe kwamba hita yangu ya lita 50 haina ugonjwa wowote, ila imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa kawaida.

Mtu wa kawaida.

Nianzie mwanzo, ingawa mwanzo wenyewe hauna uzito ukilinganishwa na neno hilo. Mama mkwe ni mtu wa Tanga, ambako joto la pwani humfanya mtu ayashukuru maji baridi. Tulipopata habari kwamba anakuja kukaa nasi Julai nzima, mwezi ambao hapa Njiro hata paka hutembea amejikunyata, mume wangu aliona haya kumchemshia mama yake maji kwenye sufuria kila asubuhi, tukajibana na kununua hita ya umeme ya kutundika ukutani, lita 50, elementi ya wati 1,500. Fundi yule akaja kuifunga. Alitoboa tailisi tatu ambazo hazikumkosea chochote, akaacha vipande vya tepu nyeupe vimetapakaa sakafuni kana kwamba amenyonyoa kuku, akalipwa, akaenda zake.

Asubuhi ya kwanza mama mkwe aliingia bafuni akiimba kaswida. Dakika ya tatu kaswida ilikatika. Dakika ya nne ilitoka sauti ambayo jirani yangu, aliyekuja mbio mpaka getini, alidhani tunachinja. Maji yalianza kwa kuunguza, yakawa vuguvugu, halafu yakawa yale yale yanayoteremka Mlima Meru. Tangu siku hiyo familia yangu inaishi kwa dakika 3. Tumeiacha swichi imewashwa saa mbili nzima kabla ya kuoga, tumepandisha themostati mpaka mwisho, tumebadilisha kichwa cha bomba la mvua, tumefunga koki zote za nyumba usiku na kutega sikio kama kuna mahali maji ya moto yanavuja, na bado ni dakika 3, ziwe za Jumatatu au za Jumapili.

Leo nikamwita aje aangalie. Alinikuta nimetoka bafuni kabla ya wakati, maji yakiwa yameshanikimbia, nimevaa dera na kufunga taulo kichwani. Uchunguzi wake ulikuwa hivi: alibandika kiganja kwenye tumbo la hita kama mkunga, akasema, "Moto upo." Akafungua koki ya sinki, akatazama maji yanavyotoka, akaifunga. Kisha akanigeukia. Alianzia kwenye kandambili, akapanda polepole mpaka kwenye taulo, akashuka tena mpaka kwenye kandambili, kama mtu anayepima mlango kabla ya kupitisha kochi. Ndipo akasema, kwa sauti ya upole kabisa ya daktari anayetoa majibu mabaya, "Mama, hita ni nzima. Ila hizi lita 50, kwa kweli, zilikadiriwa kwa mtu wa kawaida."

Mama mkwe alikuwa amekaa pale mlangoni na kikombe cha chai. Alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Akajifuta kwa upindo wa kanga, akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, fundi kasema."

Sasa nisaidieni. Mama mkwe mwenyewe ni mwembamba kama ufagio wa chelewa, na yeye ndiye aliyeishiwa maji wa kwanza! Jibu hilo lilinijia wakati pikipiki ya fundi imeshakunja kona. Sitaki ushauri wa kiufundi. Ninataka kujua kama mngekuwa ninyi mngemrushia spana yake au mngemlipa, kwa sababu mimi nilimlipa, nikamwambia asante, nikamsindikiza mpaka getini.

MzeeWaKona

Pole sana, mleta uzi. Kabla jukwaa halijatoa hukumu, tunaomba urefu na uzito wako kwa ajili ya kumbukumbu.

Chai_na_Maandazi

Ninamfahamu fundi huyo. Kwangu aliweka koki ya maji ya moto kulia na ya baridi kushoto, na nilipomwuliza alinijibu kwamba huenda mimi ni mashoto.

BintiUsambara

Mimi nina swali dogo tu. Kwa nini mtu wa Tanga ndiye aliyewekwa kwenye uzi huu acheke mpaka chai imtoke puani? Sisi tunacheka kwa staha, na mama huyo alisema kweli kwa upole kama alivyolelewa.

FundiMstaafu

Mwalimu, ninajua umesema hutaki ushauri, lakini ninaumia kuona mtu anatukanwa kwa kosa la bomba. Hita ya lita 50 iliyopashwa hadi nyuzi 60, maji yake yakichanganywa na ya baridi yenye nyuzi kama 18, hukupa karibu lita 95 za kuogea zenye nyuzi 40. Bomba la mvua linalotoa lita 8 kwa dakika lingekuogesha zaidi ya dakika 10, uwe wa kawaida au uwe wa namna yoyote ile. Kama elementi ingekuwa imekufa, usingeyapata hata hayo ya dakika 3. Na kwa wati 1,500 tangi kama hilo huhitaji takriban saa moja na nusu kupata moto, kwa hiyo saa mbili ulizosubiri zinatosha kabisa.

Chukua kigoda uangalie chini ya hita. Kuna maungio mawili, moja lina pete ya bluu na jingine lina pete nyekundu. Bluu ni mahali maji baridi yanapoingilia, na nyekundu ni mahali ya moto yanapotokea. Maji ya moto ni mepesi, hukaa juu, kwa hiyo mrija wa ndani wa upande mwekundu ni mrefu na hufika karibu na kilele cha tangi, ilhali ule wa bluu huishia chini. Mabomba yakigeuzwa, maji baridi humwagwa juu ya yale ya moto na kuyaharibu, huku yanayokwenda bafuni yakichotwa chini, ambako ubaridi hushukia. Unapata moto mkali kidogo, kisha vuguvugu, kisha kilio. Ninakuandikia hivi kwa sababu kosa hili nimelikuta katika nyumba nyingi, na katika kila nyumba alikuwapo mtu aliyelaumiwa kwamba anaoga sana.

MwalimuWaNjiro

Nimepanda kwenye kigoda, na MzeeWaKona asithubutu kuuliza kama kigoda kimehimili. Nimemulika kwa tochi ya simu. Bomba la maji baridi linalotoka kwenye tangi la juu limeingia kwenye pete nyekundu, na bomba linalokwenda bafuni limetoka kwenye pete ya bluu.

Kwa hiyo aliyageuza yeye, akarudi, akasimama hatua moja kutoka kwenye kazi ya mikono yake mwenyewe, rangi mbili zikimkodolea macho, rangi ambazo mwanangu wa chekechea anazitaja bila kusaidiwa, kisha akageuka akanitazama mimi. Nimemwonyesha mama mkwe zile pete. Amesema pete ni jambo moja na mwili ni jambo jingine.

Lakini hoja yangu si mabomba, wakuu. Hoja ni kwamba alianzia kwenye kandambili.

MzeeWaKona

Kigoda kimehimili?

FundiMstaafu

Atakayekuja kurekebisha azime swichi ya hita pamoja na ya kwenye kasha la umeme, afunge maji, abadilishe mabomba, na ahamishe pia valvu ya usalama ifuate bomba la maji baridi, kwenye pete ya bluu. Umeme usiwashwe mpaka koki ya moto ifunguliwe na maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa, kwa maana elementi ikipata moto ndani ya tangi tupu huungua, na hapo utakuwa na malalamiko mengine mapya.

Kaka_wa_Uyole

Mwalimu, wewe angalau una dakika 3. Huku Mbeya mwenye nyumba wangu alitutangazia kwamba chumba kina maji ya moto, akapandisha kodi, na maji ya moto kweli yapo, ila swichi ya hita iko chumbani kwake. Julai hii, saa kumi na moja alfajiri, ninabisha mlango wa mtu mzima aliyelala na mkewe ili nimwombe aniwashie maji ya kuoga. Mwaka huu akaamua kuweka hita ya jua. Fundi wake akaielekeza kusini, wakati sisi tulio kusini mwa ikweta Julai jua letu linapita kaskazini, na kana kwamba hilo halikutosha akaiweka chini ya kivuli cha mparachichi. Tunapata maji vuguvugu saa tisa alasiri, wakati wapangaji wote tuko kazini.

Chai_na_Maandazi

Huyo fundi wa Mbeya ni ndugu wa huyu wa kwetu. Nina hakika.

MamaWatatu_DSM

Ninyi wa nyanda za juu mnalalamika kwa kitu ambacho sisi tunakipata bila kuomba. Hapa Dar es Salaam tangi langu ni jeusi na liko juu ya bati, kwa hiyo ikifika saa nane mchana koki ya baridi inatoa maji ambayo unaweza kuyatia majani ya chai. Nilimwita fundi nikamwambia ninataka maji baridi. Akaniuliza kama nimewahi kufikiria kuoga usiku. Nilimlipa na mimi.

Wanjiku_wa_Rongai

Majirani, huku Nairobi wengi wetu tuna zile shawa za umeme zinazopasha maji papo hapo, na hazikuishii maji ya moto kamwe. Kinachoweza kukuishia ni maisha. Yangu hunipiga shoti kila nikishika koki, kwa hiyo ninaifungua kwa fimbo ya ufagio nikiwa nimevaa ndara za mpira. Fundi alikuja, akaigusa, akaruka, akasema ni kawaida, nitaizoea.

FundiMstaafu

Dada wa Rongai, tafadhali izime leo hii na usiiguse tena mpaka mtu wa umeme aikague waya wa ardhi. Hilo si la kuzoea.

Kaka_wa_Uyole

Mwenye nyumba amesoma uzi huu. Ameniuliza kama Kaka wa Uyole ni mimi.

BintiUsambara

Bado ninasubiri watu wa Tanga waombwe radhi.

MwalimuWaNjiro

Jamani, tulikuwa tunazungumzia kandambili.

Soko_la_Mtumba_AR

Habari za jioni, sijausoma uzi wote. Ninauza hita ya umeme iliyotumika miezi minne tu, lita 30, haina kutu wala uvujaji, bei tutaelewana. Inamfaa mtu wa kawaida.