Ushauri: nianze vipi kukusanya sarafu za Kirumi kwa ajili ya michoro ya upande wa nyuma?

mpwani_tz
Wakuu, heshima kwenu. Nataka kuanza kukusanya sarafu za Kirumi, ila sura za makaizari hazinivutii sana. Ninachotaka ni michoro ya nyuma: mbwa mwitu na mapacha, pomboo aliyejiviringa kwenye nanga, mwanamke mwenye mizani. Bajeti ni ndogo. Nianze na zipi? Feki nitazijuaje? Na nitazitunzaje hapa Tanga, ambako hata bawaba za mlango zinaliwa na chumvi?

Dinari_Moja
Karibu mkuu. Anza na shaba za enzi ya kaizari Konstantino. Zilitengenezwa kwa wingi mno, ndiyo maana bei yake inabebeka. Mbwa mwitu wako yuko kwenye sarafu za VRBS ROMA, zilizoanza kutoka mwaka 330, mwaka ambao Konstantinopoli, mji wake mkuu mpya, ilizinduliwa. Mbele hakuna kaizari. Ni Roma mwenyewe, yaani mji umechorwa kama mwanamke aliyevaa kofia ya vita. Nyuma ni mbwa mwitu, watoto wawili wananyonya, na nyota mbili juu. Chini ya mstari kuna herufi za kiwanda cha sarafu: TRP au TRS ni Trier, PLG ni Lyon, SMAN ni Antiokia. Kipenyo milimita 17 au 18, uzito gramu 2.5 hivi, na za miaka ya baadaye ni nyepesi zaidi. Tafuta na mwenzake, CONSTANTINOPOLIS, yenye Ushindi, mungu wa kike mwenye mabawa, amesimama kwenye omo ya meli. Hizo mbili zikikaa pamoja zinapendeza.

Pomboo na nanga ni dinari ya fedha ya kaizari Titus, mwaka 80. Inagombewa, na feki zake zimejaa. Iache kwanza.

Bi_Pishi
Huyo wa mizani usimpe jina kabla hujasoma maandishi. Aequitas (usawa) na Moneta (fedha) ni miungu wa kike wa Kirumi, na wote wanashika mizani mkono mmoja na pembe ya matunda mkono wa pili, na mara nyingi kinachowatenganisha ni maandishi tu. Wauzaji wanawachanganya kila siku. Wengine ni rahisi: mwenye usukani wa chombo na pembe ni Fortuna, mwenye masuke na pishi ya nafaka miguuni ni Annona, anayeinua upindo wa gauni huku ameshika ua ni Spes, anayemlisha nyoka kwenye sahani ni Salus.

Ingia OCRE, ni hifadhidata ya mtandaoni ya bure ya sarafu za Kirumi, ya American Numismatic Society. Andika vipande vya maandishi unavyovisoma (kumbuka U yao inaandikwa V), ulinganishe na picha. Ukishazoea, tafuta dinari ya kaizari Hadrian yenye neno AFRICA: mwanamke amejilaza, kavaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkononi ana nge. Yupo hata kiboko, kwenye sarafu ya Otacilia Severa, mke wa kaizari, ya mwaka 248, Roma ilipoadhimisha miaka 1000. Kwangu hiyo inaishinda pomboo.

sonara_mstaafu
Kuhusu feki: nunua mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 na lenzi ya mara kumi. Dinari ya mwisho wa karne ya kwanza au ya karne ya pili iwe kati ya gramu 3 na 3.5. Ikisoma 2.4, uliza maswali. Kisha tazama ukingo, maana picha za mtandaoni huuficha. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na mstari unaozunguka ukingo, au alama za tupa mahali mstari ulipofutwa, na ukiikagua kwa lenzi unaona vitundu vya hewa na herufi zilizolegea. Sarafu halisi ziligongwa kwa nyundo, hivyo ufa mdogo ukingoni ni wa kawaida.

Sumaku haithibitishi kitu. Inakamata metali chache tu, kama chuma. Kipimo kizuri zaidi ni kutafuta picha za sarafu nyingine za aina hiyo zilizouzwa. Mbili zinaweza kugongwa kwa muhuri mmoja, lakini haziwezi kuwa na umbo moja la ukingo na mikwaruzo ileile.

kokoto77
Mbona hamjamwambia anunue yale mafungu ya shaba zisizosafishwa? Unapata nyingi kwa bei ya moja.

Dinari_Moja
Nyingi zimelika hadi uso unabaki mtupu. Waliochimba wameshachambua nzuri. Na mafungu hayo mara nyingi hayana karatasi za kuonyesha yalikotoka, wakati Misri na Uturuki zimekataza kabisa kutoa sarafu za kale nje ya nchi. Afadhali tatu zenye risiti ya mnada wa zamani.

mkemia_pwani
Utunzaji wa Tanga ndio penye kazi. Adui ni kloridi, yaani chumvichumvi zilizojificha ndani ya shaba. Zikikutana na unyevu na hewa, zinatoa tindikali inayokula shaba zaidi, na mzunguko hauishi. Dalili ni madoa ya kijani kilichopauka ambayo ukiyachokonoa kwa kijiti cha meno yanapukutika kama unga. Kijani kigumu, kinachong'aa, kiache. Hicho ndicho kinachoilinda.

Yenye unga itenge mara moja. Chokonoa unga wote chini ya lenzi, kisha iloweke kwenye maji ya betri, yale safi ya kuongezea, si tindikali! Badilisha maji kila siku kwa wiki kadhaa. Ikikaidi, tumia soda ya seskwikabonati gramu 50 kwa lita. Kikemia ni ndugu wa magadi ya dukani, ila magadi ghafi usiyaguse: yana chumvi ya kawaida, yaani kloridi zilezile unazozifukuza. Limau na siki pia hapana. Kausha kwa joto la taa, iangalie wiki mbili kabla ya kuirudisha kwa wenzake.

Hifadhi kwenye vifuko vya plastiki ya polista. Vya PVC laini vinaacha utelezi wa kijani. Weka ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika, vinavyonyonya unyevu, na kipima unyevu cha bei nafuu. Kikipita asilimia 40, badilisha silika.