Tupeane uzoefu: Kutoka na watoto kusaka kopo lililofichwa na kuyajua maeneo ya jirani

Mama Kulwa, Gongo la Mboto

Habari za jioni wanajamvi. Naomba leo tukusanye hapa visa vya matembezi ya familia, yale ya karibu na nyumbani. Serengeti na Ngorongoro tuziweke pembeni kwanza. Nazungumzia mahali unapoweza kwenda na watoto asubuhi, na jioni ukasonga ugali jikoni kwako. Naanza mimi.

Nina mapacha wa miaka 9, Kulwa na Doto, na mdogo wao wa miaka 5. Tangu tuhamie huku, safari zetu zote zilikuwa za kwenda mjini: Kariakoo, Posta, au ufukweni siku ya sikukuu. Milima ya Pugu iko hapo nyuma yetu, daladala moja tu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuikanyaga. Mwaka jana shemeji yangu alikuja likizo kutoka nje, akawafundisha watoto mchezo unaoitwa jiokeshingi. Mtu anaficha kopo mahali, anaandika majiranukta yake (namba zinazoonyesha mahali lilipo) kwenye programu ya simu, na wengine wanalifuata kwa GPS, ule mfumo wa satelaiti unaoonyesha ulipo. Ndani ya kopo mna kidaftari cha kuandika jina na tarehe, pamoja na vitu vidogo vidogo. Ukichukua kimoja, unaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi.

Tulitafuta kopo la karibu na kwetu, hatukupata. Kulwa akasema, "Basi tufiche la kwetu." Tukachukua kopo la siagi la gramu 500, tukatia kidaftari, penseli, gololi nne na kishikio cha funguo cha shanga. Penseli, maana wino ukipata unyevu unachuja. Peremende tuliziacha, maana siafu wangefika kabla yetu.

Msitu wa Pugu-Kazimzumbwi ni hifadhi iliyo chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo tulilipa kiingilio na tukaomba ruhusa kwanza. Tukaambiwa sawa, ila tusichimbe, na kopo turudi nalo siku hiyohiyo. Baba yao akatangulia na mdogo kwenda kulificha, kisha akanitumia pini ya mahali lilipo kwenye simu. Sisi tukafuata.

Nataka mnielewe hapa. Watoto hawa nikiwaambia "twendeni tukatembee" wanalalamika miguu. Siku ile walitembea karibu saa mbili bila kuuliza tunafika lini. Doto alishika simu akawa anatutangazia: mita 40, mita 22, mita 9. Halafu mshale ukaanza kuzunguka, mara mbele mara nyuma, maana chini ya miti mikubwa GPS inakosea mita kadhaa. Hapo simu ikawa haina msaada tena, ikabidi watumie macho. Kulwa alipiga magoti akaanza kukagua mizizi ya mti mmoja baada ya mwingine. Akaona jongoo, akaona uyoga wa rangi ya chungwa, akaona ganda la konokono kubwa kama ngumi yake. Kopo lilikuwa kwenye shimo la mti, limefunikwa na gome. Alivyopiga kelele, ndege waliruka.

Tulipata na machungu. Doto aliingiza mkono kwenye kichaka chenye upupu. Alilia mpaka sauti ikakauka, shingo na mikono vikavimba vipele. Mama mmoja tuliyemkuta njiani na kuni zake alimsugua kwa majivu makavu taratibu, akanikataza kumwagia maji. Baadaye akatuonyesha maganda yenyewe, yana manyoya ya kahawia yanayong'aa kama mahameli. Sasa wanangu wanayatambua kwa mbali. Mama yule simjui jina, namshukuru hadi leo.

Wakati wa kurudi niliwaambia kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha huku Pugu mpaka alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Kulwa akauliza, "Alikuwa akipita njia hii hii?" Sikuwa na jibu. Lakini aliitazama ile barabara kwa namna ambayo hajawahi kuitazama.

Haya, karibuni. Mmekwenda wapi na mlikuta nini?

Baba Wanne, Iringa

Asante kwa uzi huu dada. Sisi Iringa tumezungukwa na hazina, ila watoto wetu wanazisoma kwenye kitabu cha historia kama za nchi nyingine.

Isimila iko kama kilomita 20 kutoka mjini, barabara ya kwenda Mbeya. Wanangu walikariri "Zama za Mawe za Kale, Isimila" kwa ajili ya mtihani, na hawakuwa wamefika. Nikawapeleka wote wanne. Niliwaandikia vitu saba kwenye karatasi, kila mtoto avitafute: jiwe lenye ncha mbili, mnara mrefu kuliko nyumba yetu, alama ya maji kwenye ukuta wa udongo, na kadhalika. Makopo hatukuficha, eneo lile ni la kumbukumbu ya taifa na hakuna kitu cha kuongeza wala kuondoa. Hili nililisisitiza sana kwa sababu mashoka ya mawe yako pale chini, unayaona kabisa, na mkono wa mtoto una haraka.

Binti yangu wa darasa la tano alichuchumaa mbele ya shoka moja kwa muda mrefu. Mwongozaji akamruhusu alishike. Akaligeuza mpaka likakaa sawasawa kiganjani, kidole gumba kikapata mahali pake. Akasema, "Baba, aliyelichonga alikuwa anatumia mkono wa kulia kama mimi." Sijui kama ni kweli, lakini hilo hakulitoa kwenye kitabu.

Wiki mbili baadaye tukapanda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji. Kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalozungumza. Wazee husimulia kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akikaa hapo. Tukamalizia Kalenga, lilipo fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mwanangu wa mwisho aliogopa akabaki nje na mama yake. Sikumlazimisha.

Nitoe tahadhari moja kwa mnaofuata mchezo wa kopo. Kuna siku tulijaribu karibu na kijiji fulani ambacho sitakitaja. Tulikuwa tumeinama chini ya mti na simu mkononi, tunapapasa mawe. Vijana wakatuzunguka. Wengine walidhani tunasaka mali za Mjerumani, wengine walishasema tumeleta mambo ya kishirikina. Ilitaka kuwa mbaya mbele ya watoto. Tuliokolewa na mzee mmoja aliyekubali kusikiliza. Nilimwamkia, nikafungua kopo, nikamwonyesha kidaftari na gololi, akasoma majina ya wanangu kwa sauti. Akacheka, akaandika na jina lake. Tangu siku hiyo naanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, nabisha hodi, naeleza, ndipo tunaingia porini.

Mama Kulwa

Shikamoo kaka. Hilo la kubisha hodi ni kubwa kuliko mengine yote. Naliongezea: juu ya kopo andikeni kwa Kiswahili kwa herufi kubwa, "MCHEZO WA FAMILIA, SI HATARI", na msifiche karibu na kambi, reli, daraja wala jengo la serikali.

Binti Kilifi

Hamjambo nyote. Mimi ni shangazi tu, sina watoto, ila nawabeba wa kaka zangu wanne. Gede tumeishi nayo jirani maisha yote na tunaiita "kwa magofu". Mwaka 2024 ilipoingizwa kwenye orodha ya UNESCO, wageni walizungumza kuliko sisi. Nikaona haya, nikawakusanya.

Niliwapa kazi moja tu: watafute mahali palipoandikwa tarehe. Walipita msikiti mkuu, wakachungulia visima, wakakimbizana na kima mpaka nikawaonya. Aliyepata ni wa miaka 11, anasoma madrasa. Kuna kaburi linalojulikana kwa tarehe yake, mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Yeye Hijria anaijua kuliko hiyo nyingine. Akasimama, akahesabu kwa vidole na kunung'unika, "Sasa tuko 1446... toa 802..." Akapata 644. Akatuambia tunyamaze kwa sababu tuko mbele ya mtu aliyelala miaka 644. Wote wakanyamaza, hata yule wa miaka 6. Wakasoma Fatiha. Mimi sikuwa nimewaambia.

Kopo letu tuliliweka nje kabisa ya magofu, kwenye shamba la mjomba, chini ya mkorosho. Lipo hadi leo.

Mkaazi wa Nairobi

Mama Kulwa, salamu kutoka huku. Sisi tunaenda msitu wa Karura, tuseme mara moja kwa mwezi. Kitu kinachonifurahisha pale ni kwamba njia panda zina vibao vya namba. Kwa hivyo ninampa kijana wangu wa miaka 8 ramani ya karatasi na kumwambia, "Tutoe hapa mpaka kwenye maporomoko ya maji." Mimi na mama yake tunamfuata nyuma, hatusemi kitu hata akikosea. Mara ya kwanza alitupeleka upande mwingine kabisa, tukafika pale pale tulipoanzia. Mara ya tatu alitufikisha kwenye maporomoko, kisha kwenye mapango yanayosemekana kutumiwa na Mau Mau. Siku hizi anaongoza binamu zake.

Pia nilimweleza kwamba msitu huo wa hekta zaidi ya elfu moja ulikuwa umeanza kugawiwa watu wajenge, na kwamba Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 walipokwenda kupanda miti. Akauliza ni mti upi aliupanda. Tulimtafutia siku nzima mti wa kumridhisha. Mwishowe alichagua mmoja mwenyewe, na kila tukienda lazima tuupitie, aushike.

Mtanzania Ughaibuni, Ujerumani

Nimesoma uzi huu nikiwa kwenye treni na nimesahau kushuka kituo changu.

Huku mchezo huu ni mkubwa mno. Katika msitu wa nyuma ya nyumba yetu peke yake kuna makopo zaidi ya kumi. Kwa wasiojua ulipoanzia: hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiipunguza makusudi usahihi wa GPS kwa watu wa kawaida. Mei 2 mwaka huo wakaacha. Kesho yake, Mei 3, Dave Ulmer akaficha ndoo porini jimbo la Oregon, akatangaza majiranukta yake kwenye intaneti ili aone kama watu wataweza kuifikia. Walifika ndani ya siku chache.

Nilipoletwa huku na kazi, binti yangu alikuwa na miaka 7, hana rafiki, Kijerumani hajui. Jumapili za baridi zilikuwa ndefu. Tukaanza kusaka. Kopo letu la kwanza lilikuwa kijikopo cha filamu ya kamera kimening'inizwa kwenye tawi la msonobari. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizopinda na chini yake akaandika "TANZANIA". Tulirudi mwaka uliofuata tukakuta watu watatu wameandika salamu pembeni ya neno lile. Mmoja aliandika "Karibu". Binti alikizungusha kidaftari kunionyesha kana kwamba mimi ndiye nisiyejua kusoma.

Kuna kitu kingine watoto wenu watakipenda. Unaweza kununua kibati chenye namba, ukakifunga kwenye kitu chako, ukakiacha kwenye kopo. Anayekikuta anakihamishia kopo lingine na kuandika mtandaoni kakipeleka wapi. Binti alifunga kifaru kidogo cha mpingo alichopewa na bibi yake, akaandika: "Nataka kufika kwa bibi, Dar es Salaam." Mara ya mwisho kilionekana Ureno. Mwaka wa pili sasa, na kila Ijumaa anafungua programu kuangalia.

Swali langu, dada Mama Kulwa: hilo kopo lenu la siagi mnaweza kulisajili rasmi? Tunakuja Desemba. Kile cha Ureno hakiko mikononi mwetu, lakini ana kingine, twiga, na angependa kukileta mwenyewe.

Mama Kulwa

Jamani nimewasomea wanangu na sasa hawalali.

Kaka wa Ujerumani, la msituni hatuwezi kulisajili, maana ni lazima likae palepale na sisi ruhusa yetu ilikuwa ya siku moja. Lakini baba yao amekwenda jioni hii kwa mzee mwenye shamba kule juu Pugu, nje ya hifadhi, tunayenunua kwake mihogo. Kuna mwembe mkubwa mpakani mwa shamba. Mzee amekubali, ana sharti moja: watoto wanaokuja kutafuta wapite kwanza kwake kusalimia. Tutaliandika sharti hilo kwenye maelezo ya kopo, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine.

Kulwa amelisugua kopo kwa mchanga, liko dirishani linakauka. Doto anauliza twiga ana urefu gani, kwa sababu mfuniko ni lazima ufunge.

Mtanzania Ughaibuni, Ujerumani

Tumempima sasa hivi kwa rula. Sentimita 8 na nusu, pamoja na pembe.