Kuchunguza UFO kwa vifaa: magnetomita, Geiger au kamera ya pili?

AngaWazi
Wakuu, naomba ushauri wa wanaojua vipimo. Tuko wawili, tunataka kuweka kituo cha kurekodi vitu visivyotambulika angani. Lengo ni data inayoweza kukaguliwa na mtu mwingine, si video za kubishania. Tuna kamera moja yenye lenzi ya mm 50, stendi ya miguu mitatu, na simu yenye programu ya magnetomita (kipima uga wa sumaku). Tunaweza kuongeza kifaa kimoja tu: magnetomita halisi, kipima mionzi cha Geiger, au kamera ya pili. Kipi kina uzito zaidi? Na magnetomita ya simu inatosha kwa kuanzia?

Pembetatu
Kamera ya pili, bila kusita. Kamera moja hupima pembe tu, haijui umbali. Taa ndogo iliyo mita 200 na kitu kikubwa kilicho kilomita 20 vinaweza kujaza pikseli zilezile, na bila umbali huna ukubwa wala mwendo. Ukisoma "kilikwenda kilomita 3,000 kwa saa" kutoka kwenye video ya kamera moja, jua kuna mtu amekisia umbali.

Tenganisha vituo kwa kilomita 5 hadi 20, kamera zote zitazame eneo moja la anga. Tuseme vituo viko km 5, kitu kiko ubavuni mwa mstari unaoviunganisha, na mielekeo inatofautiana kwa nyuzi 14. Gawanya 5 kwa tan 14, unapata karibu km 20. Kosa la nyuzi 0.1 litasogeza jibu kwa takriban mita 150, na hilo linavumilika. Sasa weka vituo hivyo mita 200 tu: kosa lilelile linakuwa km 3.5, yaani hujapima kitu. Vilevile, kitu kikiwa kwenye mwelekeo wa mstari wenyewe wa vituo, tofauti ya pembe inatoweka. Ndiyo maana kituo cha tatu kisicho kwenye mstari huo ni cha thamani kubwa.

Mwelekeo usiupime kwa dira, upime kwa nyota. Piga picha ya sekunde 5 hadi 10, ipitishe Astrometry.net, programu ya mtandaoni inayotambua nyota kwenye picha, nayo itakuambia kila pikseli inatazama wapi. Rudia mwishoni mwa usiku, kwa sababu stendi huzama au hulegea bila wewe kuona.

Baada ya hapo ni saa, na hapa ndipo wengi wanaharibu kazi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kikipita utosini kinakwenda takriban nyuzi 1 kwa sekunde. Saa za kamera mbili zikipishana sekunde moja, tayari una kosa la nyuzi nzima, mara kumi ya lile la juu. Moduli nyingi za GPS zina pini inayotoa mpigo kila sekunde. Unganisha taa ndogo ya LED kwenye pini hiyo, iweke kwenye kona ya picha ikiwa hafifu, na kila mwanzo wa mmweko utakuwa alama ya sekunde ya UTC (saa sanifu ya dunia) ndani ya video yenyewe. Saa ya menyu ya kamera usiiamini hata kidogo.

Nanotesla
Naunga mkono. Kuhusu simu: hapana. Uga wa sumaku wa dunia ni kati ya nanotesla 25,000 na 65,000, na kihisi cha simu huyumba chenyewe kwa mamia ya nanotesla. Magnetomita ya fluxgate, aina halisi ya kupimia, huona chini ya nanotesla 1, lakini huona pia gari linalopita mita kadhaa kutoka hapo. Ukiinunua baadaye, izike angalau nusu mita, kwa kuwa joto la mchana na baridi ya usiku huhamisha usomaji wake, na iweke mbali na betri na nyaya za umeme. Kisha linganisha na data ya kituo kilicho karibu cha INTERMAGNET, mtandao wa kimataifa wa vituo vya kupima sumaku ya dunia: badiliko lililoonekana kote ni la jua, lililoonekana kwako tu litafutie gari au geti kwanza.

Geiger inadanganya kwa njia nyingine. Kikihesabu wastani wa mipigo 20 kwa dakika, mtawanyiko wa kawaida ni kama 4.5. Kwa usiku wa saa nane utapata dakika zipatazo 16 zenye mipigo 29 au zaidi bila sababu yoyote. Mtu akitafuta "mionzi iliyopanda" ataipata tu.

Spektra589
Nyongeza isiyo na gharama kubwa: utando wa plastiki wa kutawanya mwanga, wenye mistari 500 kwa milimita, ukiwekwa mbele ya lenzi. Pembeni mwa kila nukta ya mwanga utaona upinde wa rangi zake. Kwa utando huo, manjano ya sodiamu ya nanomita 589 hutua nyuzi 17 kutoka kwenye nukta yenyewe. Kihisi kamili (full-frame) chenye upana wa mm 36 na lenzi yako huona upana wa nyuzi 40 hivi, kwa hiyo inatosha. Kihisi kidogo cha APS-C huona kama 27, hivyo sogeza nukta ukingoni ili rangi zisikatwe.

Taa ya LED nyeupe ina kilele karibu na nanomita 450, bonde, kisha kilima kipana cha manjano. Taa ya sodiamu ya shinikizo la chini ina manjano tu iliyokolea. Zuhura hutoa utepe usiokatika. Fokasi iwe ya mkono, umeiweka kwa nyota. Fokasi ya otomatiki gizani huvimbisha nukta mpaka iwe sahani, na hizo ndizo "sahani" nyingi zinazosambazwa. Rekodi RAW (data ghafi ya kihisi), na usiiache nukta iungue kuwa nyeupe tupu, maana hapo rangi imepotea.

Kule Hessdalen, Norway, bonde linalojulikana kwa taa zisizoelezeka, ambako uchunguzi wa uwandani ulifanyika 1984 na kituo cha kujiendesha kikawekwa 1998, spektra (upinde huo wa rangi) ni sehemu ya kazi. Na jopo la NASA kuhusu vitu visivyotambulika lilipotoa ripoti yake 2023, lilitaja mambo haya haya: vihisi visivyosawazishwa, kukosekana kwa vipimo vingi vya tukio moja, na rekodi zisizo na maelezo ya kifaa.

AngaWazi
Nimeelewa, kamera ya pili. Tutajuaje kwamba mfumo unapima sawa kabla hatujaamini chochote?

Pembetatu
Pimeni kitu mnachokijua. Ndege nyingi za abiria hutangaza mahali zilipo kwenye megahezi 1,090. Kipokezi kidogo cha USB na antena ya waya ya milimita 69 vinatosha kuzipokea. Rekodi ndege usiku kwa kamera zote mbili, kokotoa ilipo, linganisha na ilichotangaza. Kuweni makini na kimo: kinachotangazwa kwa kawaida hutokana na shinikizo la hewa na kinaweza kupishana na kimo halisi kwa mamia ya mita, kwa hiyo tumieni kile cha GPS kikiwemo kwenye ujumbe. Tofauti ikizidi kosa mlilokokotoa, kagueni saa kwanza, kisha picha za nyota.

Ili kujua kama mlichokiona ni setilaiti, chukueni data za mizunguko yake za siku hiyo hiyo, hasa za Starlink, kwani hubadilisha njia mara kwa mara. Na kama kuna taa kali ndani ya picha, chora mstari kutoka kwenye taa kupitia katikati ya picha. "Kitu" kikiwa upande wa pili kwa umbali uleule, hilo ni rejesho la mwanga ndani ya lenzi.

Nanotesla
Zimeni pia taa ya infraredi ya kamera ya usalama kama ipo jirani. Mdudu aliye nusu mita mbele ya lenzi huonekana kama fimbo ing'aayo inayokata anga. Kamera ya pili haitamwona, na hapo mmeshamaliza naye.