Dogo mkataba umeisha, hela ya fidia inapangwaje?

WingaTeleza:
Wakuu naombeni ufafanuzi hapa. Ninavyojua mimi mkataba ukiisha mchezaji yuko huru, anabeba viatu vyake anaondoka na klabu ya zamani haiambulii kitu, si ndo kesi ya Bosman, yule mchezaji wa Ubelgiji, ya 1995 iliamua hivo? Sasa mbona Harvey Elliott alitoka Fulham 2019 akiwa na miaka 16, mkataba wa kulipwa hata hajasaini, halafu Liverpool wakaja kuambiwa walipe mamilioni? Nani anakaa na kusema huyu alipiwe kiasi hiki na yule kiasi kile, wakati klabu zenyewe zimeshindwa kukubaliana? Mwenye kuzijua hizo kanuni atuelezee kwa lugha ya kawaida.

Kadi_Njano:
Mkuu Bosman yuko palepale, ila kwa vijana kuna kipengele chake. England mstari umechorwa kwenye miaka 24. Mchezaji akiwa chini ya hapo, mkataba umeisha, na klabu yake ilishampa ofa mpya ya maandishi isiyokuwa mbaya kuliko mkataba wa zamani, basi anaruhusiwa kwenda anakotaka lakini klabu inabaki na haki ya kulipwa fidia. Ukielewa hiyo ofa umeelewa nusu ya ishu nzima, ndo maana utaona klabu inamtangaza dogo kwamba "amepewa ofa" hata kama kila mtu anajua keshaaga, wanalinda haki yao.

Klabu mbili zinaanza kwa kuongea zenyewe, na nyingi zinamalizana hapohapo. Wakishindwana inaenda kwenye kamati ya fidia, kuna mwenyekiti huru, wawakilishi wa ligi, chama cha wachezaji na chama cha makocha, na wakishaamua ndo imetoka hiyo. Wanachoangalia ni umri, miaka aliyokaa klabuni, akademi inagharimu kiasi gani kuiendesha, kacheza mechi ngapi kikosi cha kwanza, kaitwa timu za taifa za vijana au za wakubwa, na kama kuna klabu zingine zilimtaka kwa ushahidi sio kwa tetesi za magazeti. Halafu kuna kimoja watu hawakizingatii, wanaweka mezani mkataba aliopewa na klabu ya zamani na ule aliopewa na klabu mpya. Huwezi kuja kulia kwamba dogo bado hajaiva wakati umemsainisha mshahara wa nyota.

Na hukumu yenyewe mara nyingi sio namba moja, inakuja kwa vipande. Angalia mshambuliaji Daniel Sturridge alivyotoka Manchester City kwenda Chelsea 2009, kamati ilikaa Januari 2010 ikasema Chelsea watoe pauni milioni 3.5 kwanza, halafu akifikisha mechi 10 inaongezeka nusu milioni, 20 nusu nyingine, 30 hivohivo, 40 hivohivo, akiitwa timu ya taifa ya wakubwa kuna nyongeza tena, jumla ingeweza kufika 6.5, na juu ya hapo City wakawekewa asilimia 15 ya mauzo ya baadaye. Kwa mtindo huo hakuna mtu analazimika kutabiri dogo wa miaka 19 atakuwa nani, akicheza mnalipa, asipocheza hamlipi. Mimi hapo kamati nawapa heshima yao. Elliott ni muundo uleule, Februari 2021 waliamua pauni milioni 1.5 mkononi na inaweza kupanda mpaka 4.3, pamoja na asilimia 20 akiuzwa.

MamaWawili:
Umeeleza vizuri kaka ila mimi hainiingii akilini. Fulham wamemlea mtoto, wakamchezesha Ligi Kuu akiwa na miaka 16, halafu wanapewa milioni moja na nusu mkononi na zilizobaki wasubiri kudra? Sokoni mchezaji wa aina ile angekuwa na mkataba unajua kabisa bei ingekuwa nyingine. Mshambuliaji Danny Ings naye hivohivo, kaibeba Burnley msimu mzima Ligi Kuu, kaenda Liverpool 2015, kamati ikasema pauni milioni 6.5 inayoweza kufika 8.

Na hao bado wana afadhali maana walisikilizwa kesi zao. Wale wadogo kabisa wa akademi, tangu mfumo mpya wa akademi za England wa 2012, ni jedwali tu, walianza na pauni 3,000 kwa mwaka kwa mtoto wa miaka 9 hadi 11, na kuanzia 12 hadi 16 ikawa kati ya 12,500 na 40,000 kwa mwaka kutegemea daraja la akademi. Brentford 2016 walifunga akademi yao, na moja ya sababu ni hiyohiyo, madogo wao wazuri walikuwa wanachukuliwa na klabu kubwa kwa hela ndogo. Unalea miaka nane halafu unapewa hela ya pole! Inauma sana.

Benchi_la_Ufundi:
Na hiyo yote ni ndani ya England tu wadau. Dogo akivuka mpaka wa nchi, kamati haina kazi tena, zinaingia kanuni za FIFA za fidia ya mafunzo, mpaka mwisho wa mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23, na wanahesabu misimu ya mafunzo kuanzia miaka 12 hadi 21. Pale hakuna cha kipaji wala mabao. Klabu zimepangwa madaraja manne na Ulaya daraja la kwanza ni euro 90,000 kwa mwaka, la pili 60,000, la tatu 30,000, la nne 10,000, na ile miaka ya 12 hadi 15 kwa kawaida inahesabiwa kwa bei ya daraja la nne. Unazidisha miaka, basi.

Ndo Celtic walivyompata Moussa Dembélé 2016. Mkataba wake Fulham umeisha, ana miaka 19, katoka kufunga mabao kibao. Angeenda klabu ya England ingekuwa kamati na mamilioni, ila Uskoti ni shirikisho lingine kwa hiyo walilipa kama nusu milioni ya pauni hivi. 2018 wakamuuza Lyon kwa karibu milioni 20. Mchezaji yuleyule, klabu ileile iliyomlea, kinachobadilisha bei ni upande wa mpaka alioenda. Kwangu mimi hilo ndo tobo kubwa kuliko yote.

Mlinda_Mstari:
Dada MamaWawili uchungu wako nauelewa ila mkumbuke na upande wa dogo. Bosman mwenyewe mkataba wake na klabu ya Liège ya Ubelgiji uliisha 1990, wakampa ofa ya mshahara uliokatwa vibaya, akapata timu Ufaransa, Dunkerque, dili likafa na akabaki katikati hana pa kwenda. Ukisema fidia iwe bei ya soko maana yake kijana wa miaka 20 asiye na mkataba bado anauzwa, na klabu ndogo inayomtaka haiwezi kumchukua. Mahakama ya Ulaya kwenye kesi ya mchezaji Mfaransa Olivier Bernard, Machi 2010, ilisema klabu kulipwa kwa mafunzo ni sawa lakini kiasi lazima kiendane na gharama halisi za mafunzo. Na uzuri wa England dogo hasubirishwi, Elliott alikuwa anacheza zake huku klabu zikiendelea kubishana hela.

WingaTeleza:
Nimewasoma wakuu, asanteni sana. Swali la mwisho, klabu ikimwacha yenyewe, haikumpa ofa yoyote, halafu akaenda kwingine akalipuka?

Kadi_Njano:
Hapo hawadai kitu mkuu, dogo ni huru kabisa. Hata wakimpa ofa yenye mshahara mdogo kuliko aliokuwa nao haki ya fidia inapotea. Na wakiwa ndani ya Umoja wa Ulaya, akienda nchi nyingine ya umoja, ofa lazima iwe ya maandishi na imfikie siku 60 kabla mkataba haujaisha, kwa hiyo kama unamfuatilia dogo fulani angalia barua ilitoka lini kabla hujaanza kupiga hesabu.